Programu ya Mkono wa Kushoto

Watu wa huku wakistaafu huongeza ng'ombe. Sisi ng'ombe tulikuwa nao wa kutosha, kwa hivyo tukatafuta programu ya kompyuta ya kuchorea bodi za saketi. Nikisema "sisi" najidanganya, maana mume wangu wakati huo hakuwa akitafuta chochote. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa jikoni, mkono wa kulia juu ya paja, akilitazama shamba letu la chai linavyoteremka kuelekea mtoni kana kwamba ni la jirani.

Mume wangu ni fundi wa umeme. Alifanya kazi katika kiwanda cha chai tangu tukiwa wachumba mpaka akastaafu, na nyumbani alikuwa na chumba chake cha mabati nyuma ya zizi, ambako watu walimletea redio, pasi na chaja za simu. Lakini kilichompa jina ni kisanduku. Stima ya huku Konoin haiagi ikiondoka. Mwenye tangi la kupozea maziwa akilala bila kujua kwamba imekwenda, anaamkia maziwa ya kumwaga. Mume wangu aliunda kisanduku kidogo kinacholia stima inapokatika, na kinalia vibaya kweli, kama ndama aliyetengwa na mamake. Mteja wake wa kwanza alikuwa mama mmoja anayenunua maziwa hapa Mogogosiek, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Murang'a yeye akiwa mtoto. Sote tunamwita mama wa maziwa, na kisanduku hicho kilikaa ukutani juu ya tangi lake miaka na miaka.

Bodi ya ndani alikuwa akiichora kwa mkono. Alinunua kipande cha ubao kilichopakwa shaba upande mmoja, akachora njia za umeme juu ya shaba kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha akakitumbukiza kwenye dawa inayokula shaba yote isipokuwa ile iliyofunikwa na wino. Mwandiko wake wa barua ni aibu, nilijua hivyo tangu anichumbie. Lakini mistari ya bodi zake ilinyooka ikapinda mahali pake bila kugusana. Nilikuwa nikimpelekea chai pale na kusimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mimi hufundisha fizikia, na saketi nazijua kwa chaki. Yeye alizijua kwa vidole, na vidole vile nilivipenda, acha niseme wazi.

Halafu kiharusi kikampiga. Kilikuwa kidogo, watu walituambia tushukuru Mungu, nasi tukashukuru. Daktari kule Kericho alisema kichwa ni kizima na mkono wa kulia utarudi ukipewa kazi. Mume wangu alimshukuru daktari, akapanda gari, na hakuamini neno hata moja.

Mkono haukunitisha sana. Kilichonitisha ni maswali. "Mwalimu, hebu angalia kama nimefunga geti." "Mwalimu, hii sukari nimeweka ama bado?" "Mwalimu, hebu soma hii message, nione kama nimeelewa." Alikuwa mtu wa kufungua mashine nzima, akaimwaga chini vipande vipande na kuirudisha bila kuuliza mtu. Sasa hakuweza kuvaa sweta bila mimi kuthibitisha upande. Geti alikuwa amelifunga, sukari alikuwa ameweka, ujumbe alikuwa ameuelewa. Kila mara alikuwa sawa, na kila mara aliuliza tena. Nilitaka arudi kukiamini kichwa chake. Ningempa mkono wangu mimi, akakaa nao, mradi aache kuuliza.

Basi siku moja mama wa maziwa akaja nyumbani na mkate na majani ya chai, akakaa, akanywa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, mpaka akashiba, ndipo akasema shida yake. Alikuwa amefungua vituo vingine vya maziwa, kimoja mbali kule Mulot, na kila tangi lilitaka kisanduku.

"Fundi, za duka nilijaribu," alisema. "Zinalia kama simu. Mlinzi anadhani ni bibi yake anapiga, anazima."

Mume wangu akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu hospitali. Halafu akainua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauonyesha kama mtu anayeonyesha kifaa kilichoungua.

"Mama, mkono imekataa."

"Siku hizi hakuna mtu anachora na mkono," nikadakia kutoka jikoni. "Wanachora na kompyuta. Vituo ngapi?"

Sikujua chochote kuhusu jambo hilo. Nilikuwa nimewahi kumwona binti yetu, ambaye ni mhandisi Nairobi, akichora bodi kwenye kompyuta yake wakati wa Krismasi, basi. Lakini neno lilikuwa limetoka mbele ya mgeni.

Programu ya kwanza ilikuwa ya binti yetu. Alituambia kwa simu kwamba haihitaji kusakinishwa, unaifungua tu kwenye mtandao na kuchora. Ilikuwa nzuri kwa macho, rangi zimetulia, kila kitu kimeandikwa jina lake. Nilimkalisha mume wangu mbele ya kompyuta yangu ya shule, nikamwekea kipanya kwenye mkono wa kushoto, na asubuhi nzima akahangaika na mshale uliomkimbia skrini yote. Kufikia saa saba alikuwa ameweka vifaa vyote mahali pake na kuanza kuchora njia. Saa nane mvua ikaja, kama inavyokuja kila siku, na ikishapiga mabati ya huku mtandao hujificha. Kigurudumu kikaanza kuzunguka katikati ya skrini.

"Inafanya nini?" aliuliza.

"Inafikiria."

"Ara! Inafikiria nini na kazi ni yangu?"

Mvua ilipokatika kazi ya mchana ilikuwa imepotea. Akaniuliza kama ni yeye alibonyeza kitu kibaya. Nikasema hapana. Akauliza tena wakati wa chakula, na tena alipokuwa akivua viatu. Siku iliyofuata nikaifunga kabisa programu ile kwa hasira, kana kwamba imenitukana.

Ya pili ndiyo wanayotumia kazini kwa binti yetu. Walioiunda walitupa muda mfupi wa kuijaribu bure, na bei ya baadaye sikuisoma kwa sauti. Ilipofunguka, feni ya kompyuta ikanguruma na madirisha yakajaa skrini mpaka pa kuchorea pakabaki kama kiganja. Binti yetu aliisifu kwa simu, ati inaweza kuchora bodi yenye tabaka kumi. Mume wangu alisikiliza kwa adabu.

"Mama, yangu iko na tabaka moja," akamwambia. Huku mtu humwita binti yake mama, na anapomwita hivyo ujue amekataa.

Mimi niliipenda ile ya pili, nakiri. Ina fahari. Ningependa walimu wenzangu wanikute naitumia. Lakini nilipomwona ameinamisha kichwa mbele ya madirisha yale, macho yakitafuta pa kutua, nikaelewa kwamba kila kitufe asichokielewa kilikuwa kinamwambia kichwa chake kimeharibika. Nikaifunga kabla muda wake haujaisha.

Ya tatu ni ya bure, haitaki mtandao, na sura yake ni mbaya. Aliyeiunda hakufikiri kwamba kuna mtu angetaka kuitazama. Binti yetu aliileta kwenye flash alipokuja wikendi, akaiweka, akatuonya kwamba ina ukaidi. Ni kweli. Lakini nilipokuwa nikipekua nikagundua kitu kilichonifanya niketi vizuri: kila amri unaweza kuihamishia kwenye kitufe unachotaka. Kugeuza kifaa, kuanza njia, kufuta, vyote unachagua mwenyewe vikae wapi.

Kipanya kilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umekaa bure kwenye paja. Nikapanga amri zote zinazotumika sana upande wa kulia wa kibodi, na nikazitawanya. Amri ya kugeuza kifaa nikaiweka juu kabisa pembeni, ili kidole chake kidogo kilazimike kunyooka. Ya kufuta nikaiweka chini, mbali na kidole cha gumba. Sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba programu hii ndiyo tumechagua.

Alianza kwa kuinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto na kuuweka kwenye kibodi. Baada ya siku chache ukawa unapanda wenyewe. Nilikuwa nikirudi kutoka shule namkuta ameinama, anatukana polepole kwa Kipsigis, kidole kidogo kinatetemeka kuelekea pembeni.

"Mwalimu, huyu mtu alitengeneza hii program alikuwa na vidole ya aina gani?"

"Sijui. Labda ni mrefu."

Alikuja kujua kwa sababu ya binti yetu, ambaye hawezi kutunza siri asiyojua kwamba ni siri. Alimweleza babake kwa simu kwamba kila mtu hujipangia vitufe vyake. Mume wangu akanifuata jikoni. Nilikuwa nakanda unga wa chapati.

"Umenipea homework," alisema.

"Ndio."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanya?"

Akaufungua mkono, akaufunga, akaufungua. Akaniuliza kama kuna alama zinatolewa, na akarudi kwenye chumba chake. Nilienda baadaye kuangalia kama amebadilisha vitufe, na hakuwa amegusa hata kimoja. Nilisimama pale nikatokwa na machozi juu ya kibodi ya serikali.

Bodi ilipokaribia kwisha kukawa na jambo la chipu. Programu ile ina maktaba yake ya vifaa vilivyochorwa tayari, unachukua unaweka. Mume wangu hakutaka chipu ya maktaba. Alisema hajui aliyeipima. Akachukua chipu yake halisi yenye miguu minane, akaipima kwa rula, akaichora upya, akaipa kila mguu namba yake. Kisha akaniita nithibitishe, kama kawaida. Nilichapisha mchoro kwenye karatasi, nikaiweka chipu juu yake, na miguu yote ikaingia kwenye vitundu sawasawa. Nikasema iko sawa. Tukaagiza bodi kutoka China, na binti yetu akazipokea Nairobi, akatuletea.

Zilikuwa nzuri! Kijani, mistari myembamba inayong'aa, na kwenye kona ameandika neno "Konoin" bila kuniambia. Akazishika kwa mikono yote miwili. Tukalehemu ya kwanza, yeye kwa mkono wa kushoto, mimi nikishika. Tukaiwasha, kisha nikazima stima ukutani.

Kimya. Chipu ikapata moto hadi nilipoigusa nikaruka.

Tukaunda ya pili, ikawa vivyo hivyo. Mume wangu akachukua bodi tupu, akaigeuza, akaisogeza dirishani, akahesabu kitu kwa midomo. Akaiweka chini.

"Miguu ya chipu iko kinyume," alisema. "Yenye ilifaa kuwa kulia iko kushoto. Zote." Kisha, kwa sauti ya mtu anayepeana habari ya msiba: "Mwalimu, hii sio mkono tena. Ni kichwa. Siku hizi sijui kulia na kushoto."

Akatoka. Hakukaa hata kwenye kile kiti cha plastiki. Akaenda kwa ng'ombe, na siku zilizofuata akawa huko tu, na alipoingia ndani hakuuliza chochote, wala geti wala sukari. Nilikuwa nimetamani sana aache kuuliza. Si kwa namna hii. Niliogopa, kwa kuwa mimi mwenyewe nilianza kujiuliza kama daktari aliona vizuri.

Mwanafunzi akikosa hesabu mimi husema nionyeshe ulivyofanya zamani ulipopata. Ndiyo njia yangu, wanafunzi wananichukia kwa ajili hiyo. Jumamosi nikaenda kwa mama wa maziwa, nikamwomba kisanduku kilicho ukutani.

"Haiya! Na stima ikienda?"

"Weka mtu akae na tangi."

Alinitazama usoni, akapanda kwenye kreti, akakitoa. Nikakifungua hapo hapo juu ya meza yake kwa bisibisi yake. Bodi ya mkono wa mume wangu, ya miaka ile alipokuwa mzima wa kila kitu. Nikaigeuza. Chipu ilikuwa imekaa mgongoni, upande usio na shaba, na njia zote zilikuwa zimechorwa tumboni, juu ya shaba, jinsi alivyochora sikuzote. Nikaanza kuhesabu miguu nikiwa nimeangalia tumbo, na ghafla nikasema neno ambalo mwalimu hasemi mbele ya watu wenye maziwa.

Alikuwa akihesabu kutoka chini. Maisha yake yote. Kiwandani mashine za kunyaushia majani alizijua akiwa amelala chali juu ya gunia, zikiwa juu yake. Nyaya, mota ya feni, kila kitu alikijua kwa upande wa tumbo. Na bodi zake alizichora tumboni, kwa hivyo kuhesabu kutoka tumboni kulikuwa sahihi. Lakini programu humwonyesha mtu bodi kutoka mgongoni. Hakuna aliyemwambia, na mimi nilipopima kwa karatasi niliangalia vitundu tu, si namba. Maktaba ingemkinga, na yeye alikuwa ameikataa maktaba.

Nilimkuta zizini anawalambisha ng'ombe chumvi. Nikamwekea ile bodi ya zamani mbele ya pua.

"Hesabu miguu."

"Wacha, mwalimu."

"Hesabu. Vile ulikuwa unahesabu kabla ugonjwe."

Akafuta chumvi kwenye suruali. Akaweka kidole kwenye vidonge vya risasi upande wa tumbo, akahesabu mpaka nane. Nikampa bodi ya kijani, nikamwonyesha namba alizoweka. Akahesabu. Akarudi kwa ya zamani. Akarudi kwa ya kijani. Ng'ombe akamsukuma kiwiko akitaka chumvi, hakuhisi.

"Nilichora nikiwa chini," alisema.

"Ulichora ukiwa chini. Hii makosa ni mzee kuliko ugonjwa yako. Ni mzee kuliko watoto wetu!"

"Kumbe ni mazoea."

"Ni mazoea. Kichwa yako iko vile nilioa."

"Mimi ndio nilioa," akasema, na akacheka, halafu uso wake ukavunjika. Nikageukia ng'ombe kwa heshima, kwa kuwa hapendi kutazamwa. Kisha nikaona ni upuzi, baada ya miaka yote hii, nikamgeukia nikamshika. Alinuka chumvi na nyasi za nepia.

Bodi hazikutupwa. Jioni hiyo hiyo alichukua moja akasema kama miguu iko kinyume basi chipu ikae kwa tumbo. Akaigeuza, akaipachika chini, mkono wa kulia ukikandamiza bodi mezani, mkono wa kushoto ukilehemu. Nilipozima stima kikalia mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Mama wa maziwa alipouliza kwa nini chipu imening'inia chini, mume wangu alimwambia kwa uso mkavu kwamba ndio muundo mpya.

Binti yetu aliposikia kisa kizima akasema mbona kuna amri ya kuigeuza bodi uione kutoka chini. Nilimwambia maneno ambayo mama huruhusiwa kumwambia bintiye. Tangu hapo programu yetu, ile mbaya ya sura, ikifunguka humwonyesha bodi kutoka tumboni. Mimi nikitaka kukagua lazima nipinde shingo na nijisahihishe mara mbili. Binti yetu bado hutusifia ile ya tabaka kumi. Tunamsikiliza kwa adabu.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka shule nikamkuta jikoni anachemsha chai. Vituo vya mama wa maziwa vilikuwa vimetaka visanduku vingine, na alikuwa amechora bodi upya, chipu ikiwa mahali pake pa haki. Niliweka vitabu vya kusahihisha mezani, nikavaa miwani, nikauliza iko wapi niikague.

"Nilituma," alisema.

"Ulituma nini?"

"Bodi. Nimeagiza. Asubuhi, kabla ya mvua."

"Bila mimi kuangalia?"

"Ulikuwa shule."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikaanza kumkumbusha miguu ya chipu, nikamkumbusha China ni mbali. Alikuwa akimimina maziwa kwenye sufuria kwa mkono wa kulia, polepole, na hakuacha kumimina. Nilikuwa katikati ya sentensi nilipojisikia ninachosema. Nikanyamaza. Akageuka kuona kwa nini nimenyamaza, akaniuliza kama niko sawa, nikasema niko sawa, aniongezee sukari.

"Nimeweka," alisema, na akanipa kikombe.